Neno Mbegu katika Kiswahili cha Mkulima na katika Kiswahili cha Sheria: Mazingatio kutoka Makangale, Pemba

1.0 UTANGULIZI

Neno mbegu ni miongoni mwa maneno ambayo mwanaisimu huyapita bila kusita. Ni neno la Kibantu, la kale, lenye ndugu zake katika lugha zilizo mbali sana na pwani yetu: Wachewa husema mbewu, Washona mbeu, Wazulu imbewu, na hapa hapa pwani lahaja za kaskazini zina mbeu na mbeyu. Uenezi huo wenyewe ni ushahidi kwamba jambo linalotajwa ni la tangu na tangu. Hata hivyo, katika muda wa miaka ishirini hivi iliyopita neno hili limeingizwa katika uwanja mpya, uwanja wa sheria za miliki, na humo limepewa maana isiyolingana na ile aliyo nayo mkulima. Makala haya yanajaribu kuonyesha mahali ambapo maana hizo mbili zinaachana, na kueleza namna kuachana huko kunavyogusa amri ya mkulima juu ya chakula chake.

Mfano wetu mkuu ni Makangale, shehia iliyo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, Wilaya ya Micheweni, penye msitu wa Ngezi na rasi ya Kigomasha. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo muhogo, mpunga, ndizi, viazi, nazi na samaki bado hutoka kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wenyeji wenyewe. Pili, ni mahali ambapo majina ya makampuni makubwa ya mbegu hayasikiki sana. Msomaji anaweza kuuliza, basi pana tatizo gani? Utawala wa makampuni juu ya mbegu huweza kutanguliwa na fasili ya kisheria, na fasili hiyo ikafika kijijini miaka mingi kabla ya mfuko wa kwanza wa mbegu za kampuni. Kwa Zanzibar fasili hiyo imekwisha kufika.

2.0 MBEGU KATIKA KISWAHILI CHA MKULIMA

Seti ya maneno mpunga, mchele na wali imewavutia wanaisimu tangu zamani, na hutumika katika madarasa ya semantiki kuonyesha jinsi jamii inavyoweza kukigawa kitu kimoja kwa majina mengi. Ni nadra sana seti hiyo kuongezewa neno la nne, ambalo ni mbegu. Mpunga ni mmea na pia ni punje iliyo ndani ya ganda lake. Ukikobolewa ni mchele. Ukipikwa ni wali. Ukitengwa usiliwe, ukangoja mvua, ni mbegu. Punje iitwayo mpunga na punje iitwayo mbegu hazitofautiani kwa umbo. Kinachozitofautisha ni nia na kazi ya mtu. Mtu huyo amepita bondeni kabla ya mavuno, ameyaona masuke yaliyojaa na yasiyo na ugonjwa, ameyakata kando, ameyaanika, na ameyaweka mahali pasipofikiwa na panya wala unyevu. Huko Pemba kazi hiyo, kama zilivyo kazi nyingi za mpunga, kwa kawaida imo mikononi mwa wanawake.

Ndiyo maana neno hili halikubali kufungwa katika umbo moja la kibotania. Mbegu ya muhogo ni kipande cha mti wake. Mbegu ya viazi vitamu ni marando. Mbegu ya mgomba ni chipukizi linalong'olewa ubavuni mwa mama yake. Mbegu ya mpunga ni punje. Kiingereza cha sheria hulazimika kutumia msamiati wa namna mbili kwa mambo haya, mmoja kwa punje na mwingine kwa vipando vya aina nyingine. Kiswahili hutosheka na neno moja kwa sababu kinataja kazi ya kitu na kuliacha umbo. Tena neno hilo hilo hupelekwa kwa mifugo na kwa binadamu: husemwa kuku wa mbegu, mbegu za uzazi, na mtu husifiwa kwamba ametoka katika mbegu njema. Maana inayopita katika matumizi yote haya ni mwendelezo wa uhai kutoka kizazi hata kizazi kwa kuteuliwa.

Vitenzi vinavyoandamana na neno hili vinafaa kutazamwa pia. Katika mazungumzo ya kawaida ya vijijini mbegu huombwa, hupewa, huazimwa, hubadilishwa. Tulinganishe sentensi hizi:

(1) Bibi, naomba mbegu ya muhogo.
(2) Bibi, niuzie mbegu ya muhogo.

Zote mbili ni sahihi kisarufi. Hata hivyo sentensi ya (2), ikielekezwa kwa jirani, ina ubaridi ndani yake, kwani inamfanya jirani kuwa mchuuzi. Sentensi ya (1) inabeba deni lisilotajwa kiasi wala siku ya kulipwa. Mwombaji wa msimu huu ndiye mwombwaji wa msimu ujao, na shamba la jirani linakuwa ghala ya akiba ya kila mmoja. Muhogo ukioza kwako, haukosekani kwa mwenzio. Kwa upande mwingine kuna msemo kula mbegu, unaotaja hali ya mwisho kabisa ya dhiki. Wazee wa Pemba hawahitaji kufafanuliwa msemo huo. Uhaba wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati uagizaji wa mchele kutoka nje ulipobanwa kwa shabaha ya kujitegemea, ungali katika kumbukumbu za kisiwa hicho.

3.0 MAJINA YA AINA ZA MAZAO

Anayetaka kujua ni nani aliyeziteua mbegu za nchi hii na ayatazame majina yake. Hapa leksikografia yetu ina mali nyingi ambayo haijahesabiwa. Padri Charles Sacleux, aliyekuwa pia mkusanyaji wa mimea, aliijaza kamusi yake ya mwaka 1939 majina ya mimea ya pwani, R. O. Williams naye alichapisha mwaka 1949 kitabu kizima juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Baada ya hapo wanakamusi wetu, kwa kujishughulisha na Kiswahili sanifu, waliyaacha majina mengi ya aina za mazao kama kwamba ni mambo ya mabwana shamba.

Kimuundo majina haya yako ya namna nyingi. Yako yaliyoundwa kwa sitiari ya mwili au mnyama: ndizi mkono wa tembo, mpunga shingo ya mwali, mpunga mbawa mbili. Yako yaliyoundwa kwa sifa inayoonekana au kuonjwa, kama vile rangi mbili na kisukari. Yako yanayounganisha kitenzi na nomino, kama muhogo kibandameno wa pwani ya Kenya, kwa utaratibu uleule wa uundaji uliotupatia jina la ufukwe wa Vumawimbi huko huko Makangale. Kundi linalotushughulisha zaidi ni la majina ambayo ni sentensi kamili. Miongoni mwa aina za mpunga zinazolimwa Tanzania Bara zimo usiniguse, kula na bwana, na tule na bwana. Usiniguse ni kitenzi katika dhamira tegemezi, hali ya ukanushi, chenye kiambishi cha mtendwa nafsi ya kwanza; mmea wenyewe umepewa kauli. Tule na bwana ni wito. Na nani anayesema? Neno bwana hapa lina maana ya mume, kwa hiyo msemaji wa jina hilo ni mke. Jina limehifadhi, kwa ushahidi wa kisarufi ambao hauhitaji hati, sauti ya mwanamke aliyeuonja mpunga huo akauona unafaa kuandaliwa mezani. Sijui sheria yoyote ya miliki ambayo ingelikubali ushahidi wa namna hiyo, lakini mwanaisimu hawezi kuukataa.

Lipo pia kundi la majina yanayotaja mtokeo. Mahindi yalikuja na jina linaloelekea Bara Hindi, ingawa mmea wenyewe asili yake ni Marekani ya Kati. Shelisheli lina jina la visiwa vya Shelisheli. Ndizi bukoba inajieleza yenyewe. Na mpunga uitwao Supa, maarufu Unguja na Pemba kwa harufu yake nzuri, hujulikana pia kwa jina la Supa India. Majina haya yanatuzuia tusianguke katika kosa la kudhani kwamba mbegu za wenyeji zilichipuka hapa hapa tangu mwanzo wa dunia. Muhogo wenyewe, chakula cha kila siku cha Pemba, ni mgeni aliyevuka bahari ya Atlantiki. Vyakula vya pwani ni vya safari, kama watu wake. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba jina la mtokeo linamtaja aliyetoa, au angalau mahali palipotolewa, na halimfungi mpokeaji kwa lolote. Mwenye kupanda Supa hadaiwi na India.

Ulinganifu baina ya jina na kitu, hata hivyo, si wa moja kwa moja. Jina moja huweza kutumika kwa aina zinazotofautiana baina ya kijiji na kijiji, na aina moja ikawa na majina matatu katika bonde moja. Wataalamu wa kilimo huiona hali hii kuwa ni mchafuko. Kwa macho ya isimu ni hali ya kawaida ya msamiati wa lahaja, na ina faida yake. Jina linalovumilia tofauti ndani yake linaruhusu mkulima aendelee kuteua bila kulazimika kutangaza kwamba amezua kitu kipya. Supa ya bibi na Supa ya mjukuu ni Supa, ingawa baina yao imepita miaka hamsini ya uteuzi.

4.0 NADHARIA YA JINA KATIKA SHERIA YA MILIKI

Sheria nayo ina nadharia yake ya jina, na ni ajabu kwamba wanaisimu wetu hawajaichunguza. Umoja wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, ujulikanao kwa kifupi UPOV, uliasisiwa kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1961. Mkataba huo ulirekebishwa mara kadhaa na kukazwa zaidi mwaka 1991. Mwaka 2012 Tanzania iliingia katika Muungano Mpya wa Usalama wa Chakula na Lishe ulioanzishwa na nchi nane tajiri, na miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kuilinganisha sheria ya mbegu na matakwa ya UPOV. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria inayoitwa kwa Kiswahili sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea. Kwa kuwa kilimo si jambo la Muungano, Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2014. Hatimaye, tarehe 22 Novemba 2015, Tanzania ikawa mwanachama wa UPOV kwa mkataba wa 1991, ikiwa ya kwanza miongoni mwa nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo madogo kabisa. Kwa njia hiyo bonde la mpunga la Micheweni limeunganishwa na mkataba ambao lugha zake rasmi ni Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania.

Aina ikitaka kulindwa sharti iwe mpya, iwe ya pekee, iwe yenye ulinganifu baina ya mche na mche, na iwe thabiti kutoka msimu hadi msimu. Neno mpya hapa lina maana ya ajabu. Kifungu cha 6 cha mkataba hakiulizi kama aina hiyo ilikuwa haijapata kuwapo. Kinauliza kama imekwisha kuuzwa kwa ridhaa ya mwenye haki, ndani ya nchi kwa zaidi ya mwaka mmoja au nje yake kwa zaidi ya miaka minne. Upya unapimwa kwa soko. Masharti ya ulinganifu na uthabiti nayo yanaitoa nje mbegu ya mkulima tangu mlangoni, kwa kuwa Supa ya bonde ina tofauti ndani yake, na kwa mkulima tofauti hiyo ndiyo bima: ukame ukiua nusu, nusu husalia.

Kifungu cha 20 kinahusu jina. Kila aina iliyosajiliwa sharti iwe na jina moja litakaloitambulisha. Jina hilo lisiwe tarakimu tupu isipokuwa pale ambapo ni desturi. Lisipotoshe watu kuhusu sifa, thamani au utambulisho wa aina hiyo. Litumike hilo hilo katika nchi zote wanachama. Na yeyote auzaye mbegu ya aina hiyo alitumie, hata baada ya muda wa haki kwisha. Hii ni nadharia inayodai jina moja kwa kitu kimoja, kila mahali na milele. Tukiipima kwa majina tuliyoyataja, kula na bwana lingeulizwa kama halipotoshi kuhusu thamani, na usiniguse kama halipotoshi kuhusu sifa. Mahali pao pamekaliwa na maandishi kama TXD 306, DK 8031 na SC 627. Hata makampuni yametambua kwamba ulimi wa Mswahili hauchukui namba. TXD 306 vijijini huitwa Saro, na kampuni ya Seed Co, yenye asili ya Zimbabwe, huyapanga mahindi yake kwa majina ya wanyama, tumbili, simba, tembo, kwa kadiri ya muda wa kukomaa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema hujitembeza, tena kwa jina la simba.

Uzito wa jina unaonekana vizuri zaidi katika kisa cha maharage ya Enola. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja alinunua mfuko wa maharage ya manjano huko Mexico, ambako wakulima walikuwa wakiyalima kwa majina yao wenyewe. Aliyapanda kwao, akateua kwa misimu michache, akayapa jina la mkewe, na mwaka 1999 akapewa hataza. Kisha akadai malipo kwa waliokuwa wakiingiza maharage ya manjano kutoka Mexico. Hataza hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2008, na rufaa ikaamuliwa mwaka 2009. Kwa miaka kumi, basi, kubadilisha jina kulitosha kubadilisha mwenyewe.

Haki ya mwenye aina hudumu kwa muda usiopungua miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Mkataba unamsamehe mtu atendaye jambo kwa faragha na si kwa biashara, na unaziruhusu nchi, kama zikipenda, kumwachia mkulima mbegu ya mavuno yake aipande katika shamba lake mwenyewe. Msamaha huo ndio unaotajwa kila mara kuwatuliza wakulima. Lakini tuurudie mfano wetu wa (1). Bibi anayempa jirani mbegu, jirani akampa shemeji yake, shemeji akaibadilisha kwa pishi ya mpunga kijiji cha pili, yuko katika faragha au katika biashara? Lugha ya sheria imeona mambo mawili tu, ya nafsi na ya soko. Kikoa, ujirani na udugu havina neno humo.

Hofu hii si ya kubuni. Nchini Kenya sheria ya mbegu na aina za mimea, kwa marekebisho ya mwaka 2012, iliifanya biashara na ubadilishanaji wa mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo hadi miaka miwili au faini hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na katiba. Wanaofaidika na ukali wa namna hiyo wanajulikana. Baada ya miungano ya miaka ya 2017 na 2018, Bayer ilipoinunua Monsanto, ChemChina ilipoinunua Syngenta, na Dow na DuPont zilipoungana na baadaye kuizaa Corteva, zaidi ya nusu ya biashara ya mbegu duniani imo mikononi mwa makampuni machache yanayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

5.0 BORA, KIENYEJI, CHOTARA, KUAZIMIWA

Maneno manne yanastahili kufanyiwa uchambuzi wa karibu zaidi.

Bora ni kivumishi cha ulinganishi. Kitu ni bora kuliko kingine, au bora kwa jambo fulani. Katika istilahi mbegu bora kijalizo kimeondolewa. Haisemwi ni bora kuliko ipi wala kwa lipi, na kwa hiyo dhana-tangulizi inayobaki ni kwamba mbegu nyingine yoyote ni duni. Mbegu inayozaa sana penye mbolea na maji ya kumwagilia huenda ikazaa kidogo kuliko ya bibi katika ardhi ya mawe ya Micheweni. Zote mbili ni bora, kila moja kwa lake.

Kienyeji leo ni neno la kudunisha, isipokuwa kwa kuku, ambaye bei yake imemwokoa. Wanaharakati wameona ubaya huo wakalikimbilia neno asili, na mbegu za asili ndiyo istilahi inayopendwa nao. Kwa maoni yangu wameharakisha. Asili, kama tulivyoona katika 3.0, linadai mengi mno kwa mimea iliyovuka bahari. Kienyeji linatokana na mwenyeji, ambalo hufafanuliwa kuwa ni mwenye mji. Mbegu ya kienyeji kwa hiyo ni mbegu ya wenye mji, na hakuna neno katika lugha yetu linalotaja umiliki wa pamoja wa mahali kwa uwazi zaidi. Lingefaa kusafishwa na kurudishwa.

Chotara, jina la watu kabla ya kuwa jina la mahindi, ni sahihi kibiolojia. Upungufu wake ni kwamba halimwambii mkulima jambo analolihitaji kuliko yote, yaani mavuno ya chotara yakipandwa hayatafanana na mama yao. Seti ya mpunga, mchele, wali na mbegu hapa inakatwa katika kiungo chake cha nne. Mahindi ya chotara hayawi mbegu tena. Yanabaki nafaka, na mwenye shamba anarudi dukani kila mwaka.

La nne ni la kuchekesha kidogo. Tanzania Bara ina daraja la mbegu linalozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi mwepesi, na huitwa mbegu za daraja la kuazimiwa, au za kuazimiwa ubora. Mwenye kulitunga alikuwa na azimia akilini, kitenzi cha kukusudia na kutamka. Bahati mbaya umbo azimiwa linapatikana pia kutokana na azima, kwa kuongezwa viambishi vya kutendea na kutendwa. Mkulima asiyesoma waraka wa wizara ana haki kabisa ya kuelewa kwamba ubora huo umeazimwa, na kwamba siku moja utarudishwa kwa mwenyewe.

Tusiwe, hata hivyo, wenye kuona upande mmoja. Ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia husafiri pamoja na vipande vya miti ya muhogo vinavyopeanwa kwa wema baina ya majirani, na penye gonjwa la namna hiyo mtaalamu anahitajika. Mwaka 2007 watafiti wa Zanzibar walitoa aina nne za muhogo, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zote zikiwa na majina ya mahali Unguja. Mwaka 2011 ilitolewa Supa BC, iliyopatikana kwa kuipiga mionzi Supa ya zamani kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Hizi ni kazi za taasisi za umma, na majina yake yanasema hivyo: ama yanataja mahali, ama, kama ilivyo kwa Supa BC, yanamtaja mama. Mtafiti wa Kizimbani au wa Matangatuani aliyefanya hivyo amefuata, kwa kujua au kwa silika, desturi ya majina ya mkulima.

6.0 TAFSIRI NA KUMBUKUMBU

Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania Bara yameleta kazi kubwa ya kutafsiri. Istilahi zitakazochaguliwa katika kazi hiyo zitagandishwa kwa muda mrefu, na Zanzibar haitazikwepa hata kama sheria zake ni nyingine. Mgunduzi ndilo neno la kwanza la kufikiriwa upya. Katika kamusi ya Johnson (1939) gundua lina maana ya kumkuta mtu ghafla, kumshtukiza, na kutokana na hapo kuvumbua. Mkataba wenyewe unamhesabu kuwa mwenye haki hata yule aliyekiona kitu kikiwapo akakiendeleza, na tafsiri yetu imekwenda mbali zaidi kwa kuuchukua uonaji peke yake ikaufanya kuwa sifa yake kuu. Mwenye kukuta Supa bondeni akaigundua, aliyekuwa akiipanda alikuwa akifanya nini? Ninapendekeza mbunifu wa aina kwa yule aliyeunganisha au aliyezalisha kweli kweli, na mteuzi wa mbegu kwa kazi ya wakulima, ili kazi hiyo iwe na jina ndani ya sheria. Halikadhalika matumizi binafsi yaongezewe fasili inayotaja kupeana baina ya jamaa na majirani, kwani Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 juu ya haki za wakulima, katika kifungu chake cha 19, linaitambua haki ya kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu za shambani.

Jambo la pili linatuhusu sisi wenyewe. Aina haiwezi kusajiliwa kuwa ya pekee kama haitofautiani na ile ambayo kuwapo kwake kunajulikana kwa watu wote, na maelezo yaliyochapishwa ni miongoni mwa dalili za kujulikana huko. Mwaka 1995 hataza ilitolewa Marekani juu ya matumizi ya manjano katika kutibu vidonda. Ikafutwa mwaka 1997 baada ya taasisi ya utafiti ya India kuleta maandishi, baadhi yake ya Kisanskriti, yaliyothibitisha kwamba dawa hiyo ilikuwa ikijulikana tangu kale. Maandishi ndiyo yaliyoshinda. Kumbukumbu za mdomo zisingelitosha. BAKIZA limekwisha kutoa kamusi za lahaja, zikiwemo za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu, na huo ni msingi mzuri. Kinachokosekana ni kidahizo cha aina ya zao chenye maelezo kamili: jina na majina yake mengine, maana ya jina kwa wasemaji, rangi ya ganda na ya punje, urefu, muda wa kukomaa, ardhi inayoipenda, chakula kinachopikwa, shehia na mwaka wa kukusanywa. Hii ni kazi ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuifanya kwa msimu mmoja wa masika, akiwa pamoja na bwana shamba mmoja.

Maandishi hayo yana hatari yake vilevile, maana orodha nzuri ya majina na sifa ni ramani kwa anayetafuta cha kuchukua. Kwa sababu hiyo majina yasikusanywe kabla ya kupatikana ruhusa ya wanaoyatumia. Wakulima wa shehia waelezwe ni nini kitakachochapishwa na ni nini kitakachobaki kwao, na wawe na uwezo wa kukataa. Ruhusa iandikwe kwa Kiswahili wanachokisema, isomwe mbele ya sheha na mbele ya wanawake wanaolima mabonde, na nakala yake, pamoja na ya orodha yenyewe, ibaki Makangale.